Bomba la Mgongoni Limetoka Wapi, na Kwa Nini Linakulowesha Wewe Kwanza

Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu vipimo vya dawa ya magugu kwa lita 16 za maji, maana maswali ya vipimo ndiyo mengi. Lakini wiki mbili zilizopita nilipita kwenye shule moja ya kata yangu nikakuta kijana anapuliza dawa ya magugu kwenye uwanja wa mpira. Amevaa kandambili na kaptula. Bomba liko mgongoni, fimbo ya bomba ameishika mbele, anaipeperusha kushoto na kulia kama mtu anayefagia, huku anatembea kuingia palepale alipotoka kupuliza. Mgongoni fulana ilikuwa imelowa kuanzia bega la kulia mpaka kiunoni. Jua lilikuwa kali, ungeweza kudhani ni jasho.

Nilimsimamisha. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo bwana shamba," akazima. Nikamuuliza mgongo vipi. Akasema unawasha kidogo, lakini bomba hili ndivyo lilivyo, tangu linunuliwe linavuja mfunikoni. Nikamuuliza kwa nini anapuliza mbele yake. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu hulima wakiwa wameinama. Akasema, "Sasa nipulize wapi, bwana shamba? Fimbo si imewekwa mbele?"

Jibu lake lilinikaa kichwani, kwa sababu ana haki. Fimbo imewekwa mbele. Na ukifuatilia nani aliiweka mbele, na kwa nini, utaelewa mambo mengi kuhusu chombo hiki ambacho karibu kila kijiji kinacho na karibu kila kijiji kinakitumia vibaya. Kwa hiyo leo ni historia. Vipimo vitasubiri.

Tuanzie kwenye ubwiri unga, ugonjwa ambao sisi watu wa Mtwara tunaujua kama tunavyowajua ndugu zetu. Mwaka 1845 huko Margate, Uingereza, mtunza bustani aliyeitwa Edward Tucker aliona unga mweupe kwenye mizabibu yake. Ulikuwa ubwiri unga wa zabibu. Miaka michache baadaye ukawa umeingia Ufaransa, na kufikia 1854 uzalishaji wa mvinyo wa nchi ile ulikuwa umeanguka vibaya sana. Tiba iliyopatikana ni salfa, tena salfa ya unga, ileile ya manjano tunayoijua. Shida ikawa namna ya kuifikisha kwenye majani. Wakachukua mivukuto, jamaa wa ile ya mhunzi, wakaifunga chombo cha salfa, wakaenda mstari kwa mstari wakipuliza. Aliyeshika mvukuto alikuwa ndani ya vumbi lake mwenyewe. Ukitaka kujua hali ya macho yake jioni, muulize mtu yeyote aliyewahi kushika mashine ya salfa kwenye mikorosho mwezi wa saba.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1870, mizabibu hiyohiyo ikapata ugonjwa mwingine, ukungu unaoshambulia jani kwa chini. Hapa kuna kisa ambacho mimi hupenda kuwasimulia wakulima. Katika eneo la Médoc, karibu na Bordeaux, wenye mashamba yaliyopakana na barabara walikuwa na tatizo la wapita njia kuchuma zabibu. Wakaanza kunyunyizia mistari ya pembezoni mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili zabibu zionekane za buluu, zenye sumu, mwizi aogope. Mwaka 1882 profesa wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, Millardet, akapita hapo akaona kwamba mizabibu ile ya kando ya barabara ina majani, na ile ya ndani imepukutika. Akafanya majaribio, akatangaza matokeo mwaka 1885. Mrututu na chokaa ndiyo dawa iliyopewa jina la mji ule. Ilianza kama kizuia wezi.

Sasa angalia walivyoipaka mwanzoni: ndoo mkono mmoja, ufagio wa vijiti mkono mwingine, unachovya, unapiga kwenye jani. Dawa nyingi inaanguka chini, nyingine inakurukia. Ndipo mafundi wakaingia kazini, na anayekumbukwa zaidi ni Victor Vermorel wa Villefranche-sur-Saône. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 kiwanda chake kilitengeneza bomba la kubebwa mgongoni: tangi la shaba, mikanda miwili ya mabegani, mkono wa pembeni wa kupampu, mpira wa kutolea maji, fimbo, na nozeli mwishoni. Likinge bomba lako sasa hivi na ulitazame. Tangi limekuwa la plastiki. Mengine yote bado yapo.

Vermorel alikuwa anatatua tatizo la jani la mzabibu. Mzabibu umepandwa kwa mstari, uko wima, unafika kifuani, na mtu anapita kati ya mistari akiugeukia. Fimbo ya mbele ina maana pale: unaona jani, unalielekezea nozeli. Alipimwa kwa kuulizwa kama dawa imefika kwenye jani na kama haikupotea nyingi. Hakuna aliyemuuliza imefika wapi kwenye mwili wa mbebaji. Na mrututu haukuonekana kuwa hatari. Unatia rangi nguo, basi. Ilichukua zaidi ya miaka 80 mpaka madaktari wa Ureno, mwaka 1969, walipoeleza ugonjwa wa mapafu waliouona kwa watu waliokuwa wakipuliza mrututu na chokaa kwenye mizabibu mwaka baada ya mwaka. Ugonjwa ukapewa jina la kazi yenyewe: mapafu ya mpuliziaji wa mizabibu.

Nataja hili kwa ajili ya wazee wa Kilimanjaro pia. Ugonjwa wa chulebuni ulipoingia kwenye kahawa ya Tanzania katika miaka ya 1960, dawa za shaba ndizo zilizokuwa silaha, na mabomba ya mgongoni ndiyo yaliyozibeba kupanda na kushuka miteremko. Ukifika kwenye nyumba za wakulima wa zamani kule utaambiwa kuhusu mashati ya buluu. Shati lilikuwa la buluu kwa sababu dawa ilikuwa inaishia kwenye shati.

Bomba la mrututu likabaki, lakini kilichowekwa ndani kikabadilika, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa Uswisi, aligundua kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya Vita vya Pili zikaja jamii nyingine za sumu, baadhi zikiwa kali kwa binadamu kuliko DDT mara nyingi, na zenye tabia moja ambayo nataka uishike: zinapita kwenye ngozi. Hapa wengi tunakosea mpaka leo. Tunadhani sumu inaingia kwa pua, kwa hiyo mtu akijifunga kitambaa usoni anajiona amekamilika. Kwa mtu wa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya sumu hufika mwilini kwa kugusa: viganja wakati wa kupima na kumimina, mgongo bomba likivuja, miguu na mapaja unapotembea kwenye majani uliyoyalowesha wewe mwenyewe dakika moja iliyopita. Kitambaa cha usoni kikilowa kinakuwa kibaya zaidi, kwa sababu sasa umebandika dawa kwenye midomo.

(Na neno lenyewe "dawa" halitusaidii. Serikalini tunaandika "viuatilifu", lakini dukani hakuna anayeomba kiuatilifu. Anaomba dawa. Dawa inaponya, mtoto hupewa kijiko. Nimeshindwa kupata neno bora, nami hutumia hilohilo.)

Uingereza walijifunza kwa vifo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wakipuliza kitu cha njano kiitwacho DNOC kuua magugu kwenye nafaka. Hupandisha joto la mwili kutoka ndani. Mfanyakazi anatoka jasho, anaona kiu, anadhani ni uchovu wa siku ya jua, kesho anarudi kazini, ngozi imegeuka njano. Wafanyakazi kadhaa walikufa, na hasa siku za joto. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu, na mwaka 1952 ikapitisha sheria ya sumu za kilimo iliyowalazimisha waajiri kutoa mavazi ya kinga. Kwa hiyo ovaroli, glavu na gambuti unazoziona kwenye vijipicha vya lebo zina asili yake. Kabla hazijawa vijipicha, kuna watu walizikwa.

Lakini kuna jambo hapo ambalo nililielewa nikiwa kazini tayari. Masharti yale yaliandikwa kwa mtu anayefanya kazi Uingereza. Ovaroli nzito na glavu ndefu ni jambo linalowezekana kwenye nyuzi 15. Jaribu Masasi saa tano asubuhi. Shirika la FAO lilipotoa mwongozo wake wa kimataifa wa viuatilifu mwaka 1985, liliweka humo wazo ambalo natamani kila muuza dawa angelijua: kwamba dawa ambayo ili uitumie salama inahitaji mavazi ya kinga yasiyovumilika, ya gharama kubwa au yasiyopatikana, iepukwe, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Soma tena. Wazo hilo halisemi mkulima avumilie. Linasema chagua dawa nyingine.

Ndiyo maana mimi husisitiza utepe wa rangi chini ya lebo. Upangaji wa dawa kwa ukali ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1975, na rangi zinaufuata: nyekundu ni kali kabisa, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Ukiwa huna uwezo wa kuvaa kinachotakiwa kwa utepe mwekundu, hiyo chupa si yako. Muulize muuzaji kama ipo ya buluu au kijani inayofanya kazi hiyohiyo. Mara nyingi ipo. Ila kijani nacho si maziwa.

Na kwa kuwa wa shuleni walikuwa wanapuliza magugu, niseme moja kuhusu parakwati, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1962. Haina dawa ya kuiondoa mwilini ikishamezwa. Watu wengi duniani waliimeza kwa makosa, wakiikuta kwenye chupa ya soda. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 watengenezaji waliongeza vitu vya kumtahadharisha mtu: harufu mbaya na kichefuchefu, pamoja na rangi. Kwa hiyo ukihamishia dawa kwenye chupa ya soda "kwa sababu nilinunua kidogo tu", unairudisha miaka 60 nyuma.

Sasa turudi kwenye fimbo ya mbele, maana kuna watu waliouliza swali la yule kijana kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa wadudu wa pamba waliokuwa Rhodesia na Nyasaland, yaani Zimbabwe na Malawi za leo, akiwemo John Tunstall na Graham Matthews, walikuwa wanatafuta namna ya mkulima mdogo kupuliza pamba vizuri. Pamba inafika kiunoni, imefungamana. Ukiipuliza mbele halafu ukaipita, umeoga. Walichofanya ni rahisi mpaka kinaudhi: wakalichukua bomba lilelile la mgongoni na kuzihamishia nozeli nyuma, kwenye bomba dogo la wima lililofungwa nyuma ya tangi. Pamba ikiwa fupi unatumia nozeli chache, ikirefuka unaongeza. Mkulima anatembea kwenye pamba kavu, na dawa inabaki nyuma yake. Wadudu walikufa vizuri zaidi, na mtu alilowa kidogo zaidi. Kwa kuhamisha nozeli tu!

Ningependa kukuambia kwamba mabomba yote duniani yalibadilika baada ya hapo. Hayakubadilika. Fimbo ya mbele ni rahisi kutengeneza, ni rahisi kuuza, na inafaa kwa kila zao kiasi. Bomba la mgongoni tunaloliita "solo", kwa jina la kampuni ya Kijerumani, linakuja na fimbo ya mbele, na mengine ya bei poa yanayofanana nalo vilevile. Likaja pia lile la betri za tochi linalotoa matone madogo sana, ambalo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua. Hilo lilikuja na fundisho lake zuri: upepo ndio unaobeba matone, kwa hiyo huwezi kupuliza bila kujua unatoka wapi. Unaanzia upande ambao upepo unaelekea, unatembea ukiukata upepo, kichwa cha mashine kikiwa upande wa chini wa upepo, na kila ukimaliza mstari unasogea kuelekea unakotoka upepo. Hivyo kila hatua unakanyaga pasafi.

Fundisho hilo halihitaji mashine mpya. Linafanya kazi na bomba lolote, kwenye uwanja wa mpira, kwenye bustani ya hoteli, kwenye shamba la ufuta. Unaiweka fimbo ubavuni upande upepo unakoelekea, huipeperushi, unatembea, unarudi mstari wa juu yake. Upepo ukiwa mkali, acha. Unaofaa ni ule unaotikisa majani kidogo.

Kwenye korosho ni tofauti, nami sitaki unielewe vibaya. Uzalishaji wetu ulifika zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, na katika miaka ya 1980 ukaanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, pamoja na watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao wakati wa vijiji na bei kutoridhisha, lakini ubwiri unga ulioonekana mwishoni mwa miaka ya 1970 ulimalizia. Watafiti wa Naliendele wakahangaika nao, na kilichorudisha zao ni dawa ileile ya mivukuto ya Ufaransa: salfa ya unga, safari hii kwa mashine ya injini ya mgongoni. Salfa inapulizwa alfajiri, hewa ikiwa imetulia, ili vumbi lisimame ndani ya mti. Hewa iliyotulia inaufaa mti, lakini wewe unabaki ndani ya wingu. Hapo miwani inayoziba pembeni ni ya lazima kuliko glavu.

Mjomba wangu alikuwa mpuliziaji wa kulipwa kwa mti, misimu mingi. Mimi nikiwa darasa la sita nilikuwa namshikia tochi na kumjazia salfa. Alikuwa anajaza injini ikiwa bado inanguruma, sigara mdomoni. Salfa inawaka, ndugu msomaji, na petroli unaijua. Alibahatika siku zote isipokuwa moja, na kovu lake la shingo ndilo somo la kwanza la usalama nililopata maishani. La pili lilichelewa sana. Chuoni tulifundishwa kupima uwanja, kuhesabu tangi kwa ekari, kusawazisha nozeli. Kuhusu mtu anayebeba tangi nakumbuka kipindi kimoja, na mwalimu alikuwa na haraka. Miaka yangu ya kwanza kazini nimefanya maonyesho ya upuliziaji mbele ya wakulima zaidi ya mara kumi, fimbo mbele, bila glavu, suruali imelowa, na wao wakanakili nukta kwa nukta. Huenda aliyemfundisha yule kijana wa shuleni alinitazama mimi.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilimwita aje na bomba lake, likiwa limeoshwa mara tatu. Tulianza na mfuniko. Washa yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na duka la vipuri lilikuwa nayo kwa bei ndogo kuliko soda mbili. Nozeli ilikuwa imeziba nusu. Alitaka kuipuliza kwa mdomo, nikampa unyasi. Kisha tukajaza maji matupu yenye rangi nyekundu ya chakula. Nikampa suruali ndefu nyeupe ya zamani na shati jeupe. Mzunguko wa kwanza apulize anavyopuliza siku zote. Mzunguko wa pili, kwa suruali nyingine, aanzie upande upepo unakoelekea, fimbo ubavuni.

Suruali ya kwanza ilikuwa nyekundu kuanzia magotini kushuka, mguu wa kulia zaidi, na viganja vyote viwili. Ya pili ilikuwa na madoa machache kwenye pindo. Mgongo ulikuwa mkavu mara zote mbili, ile washa ilishafanya kazi yake. Aliitazama suruali ya kwanza muda mrefu, kisha akaniuliza kama kuna kipimo cha hospitali cha kuangalia zile siku za nyuma. Nikamwambia kuna dawa ambazo damu inaweza kuonyesha na nyingine hapana, aende zahanati na aibebe lebo ya kila alichopuliza mwaka huu, maana mganga hawezi kukusaidia kwa kuambiwa "ni dawa ya magugu tu". Jumatatu alikwenda, na lebo nne kwenye mfuko wa nailoni.

Jaribio hilo la maji ya rangi unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani, pakiti ya rangi inatosha mabomba kadhaa. Kama uko kata yangu, niko ofisini Jumanne na Ijumaa asubuhi. Njoo na bomba limeoshwa na limekauka, na uje na suruali ambayo huihitaji tena.